Bibi yangu amekwama kwenye memori kadi

Shikamoo, fundi. Kama nimekuzidi umri, nirudishie yangu.

Naandika kutoka Mikindani, Mtwara. Mwaka 2013 nilikwenda Newala kwa mama mkubwa nikakuta albamu ya familia imeanza kuliwa na mchwa. Nikazitoa picha moja moja, nikazilaza barazani penye mwanga, nikazipiga kwa simu, nyingine zikiwa na matundu tayari. Mwaka uliofuata albamu yenyewe ilikuwa udongo mtupu. Kilichobaki ni memori kadi ya GB 4. Humo yumo bibi mzaa mama, ameketi kwenye kigoda, ndonya, kile kipande cha urembo, kwenye mdomo wa juu, chale mashavuni, anamkazia macho mpiga picha kama anamdai. Hana picha nyingine.

Kadi niliifunga kwa pamba, nikaiweka kwenye kiberiti, kiberiti ndani ya kopo la maziwa. Nilijiona mjanja. Mwezi uliopita mama akaniomba ile picha. Sukari imeanza kumla macho, anataka isafishwe kubwa aitundike ukutani wakati bado anaona. Kufungua kiberiti, vile vijino vya kadi vimefifia na kuota ukijani. Upepo wa chumvi wa huku hauachi hata kitasa. Kwenye simu nikaambiwa kadi imeharibika, niifomati. Sikubonyeza. Nikasugua vijino taratibu kwa raba ya penseli, mpwa wangu akaichomeka kwenye laptopu. Ikaonekana, tena kwa ukubwa wake wote, ila haifunguki, na laptopu nayo inang'ang'ania ifomatiwe.

Hapo ndipo washauri wakanichanganya. Fundi simu mmoja wa mjini anasema tuifomati kwanza, picha atazivuta baadaye, maana kufomati kwa haraka kunafuta orodha tu, picha zinabaki hadi kitu kipya kiandikwe juu yake. Mpwa wangu, anayesomea kompyuta, hataki kusikia. Anasema tusonge kitelezi cha adapta, kile kibebeo cha kuchomekea kadi kwenye laptopu, kifunge kadi isiandikwe, tunakili kadi nzima kama ilivyo kwenye laptopu, kisha programu ya bure iitwayo PhotoRec itafute picha ndani ya ile nakala. Majina ya mafaili yatapotea, lakini majina ya nini? Bibi namjua kwa sura. Kaka yangu yeye anataka tuipeleke Dar kwa basi, kwa mtu anayedai 150,000 kabla hata hajaiona. Korosho bado hazijauzwa, na kitu kidogo kama ukucha kwenye bahasha ya kondakta... hapana, roho inakataa.

Mama kila jioni ananiuliza, "Mwanangu, bibi yako kaja?" Namjibu yuko njiani.

Naomba unisaidie mambo mawili. Kwanza, nimwachie mpwa wangu aendelee, au kuna dalili ambayo tukiiona tuchomoe kadi haraka tusiguse tena? Juzi ilikuwa ya moto kidogo ilipotolewa, sijui ni kawaida. Pili, ukijani ule niusafishe kwa spiriti, au raba inatosha? Kadi imerudi kwenye kiberiti, safari hii ndani ya mfuko wa plastiki. Sitaigusa mpaka nisome jibu lako.

Msomaji wako,
Mikindani