Mchango wa megafoni na mafuta ya boda, Kyangwali

Bwana asifiwe, wapendwa.

Kamati ya wazazi ya kanisa letu hapa Kyangwali, makazi ya wakimbizi magharibi mwa Uganda, inatafuta shilingi 1,000,000 kabla chanjo ya polio haijapita tena nyumba kwa nyumba. Chanjo yenyewe hailipiwi. Kinachokosekana ni mtu wa kuitangulia akiongea Kiswahili.

Mara iliyopita gari la matangazo lilipita likisema Kinyoro na Kiingereza. Akina mama waliovuka Ziwa Albert kutoka Ituri, Kongo, walisikia kelele tu, kisha wakaona wageni wenye maboksi wakiulizia watoto. Baadhi waliwaficha. Mmoja alituambia, "Nilidhani wanahesabu watoto ili wapunguze mgao." Hatumlaumu. Hakuna aliyemweleza mapema, na sisi majirani zake tulikuwepo.

Wengine wanauliza: si polio iliisha? Polio ya asili ilitangazwa kwisha Afrika mwaka 2020, ni kweli. Lakini mwaka 2021 virusi vya aina ya pili vilikutwa kwenye maji taka ya Kampala, na 2024 huko Mbale. Hivi vinatokana na virusi vilivyodhoofishwa vya chanjo ya matone: vikizunguka muda mrefu kati ya watoto wasiochanjwa, hubadilika na kupata nguvu ya kupoozesha. Hatufichi jambo hilo, maana watu wamelisikia nusunusu na ndipo uvumi unapoanzia. Vinaenea kwa choo na maji machafu, na penye watoto wengi waliochanjwa vinakosa pa kwenda. Kwa hiyo kila aliye chini ya miaka mitano apate matone yake mawili, hata kama alichanjwa Kongo, hata kama kadi ilipotea njiani.

Megafoni mbili na betri ni 300,000. Mafuta ya boda mbili kwa siku kumi, 600,000. Laki moja tunaiweka kando kwa mtoto ambaye mguu au mkono umelegea ghafla, maana huenda ni polio: afikishwe kituo cha afya haraka, kwa sababu sampuli mbili za choo hutakiwa ndani ya siku 14 tangu alegee, ndipo zipelekwe maabara ya Entebbe. Mzazi asiye na nauli husubiri, na siku zinakwisha.

Tumeshapata 310,000. Mweka hazina anapokea kila Jumapili baada ya ibada na anaandika risiti hapohapo. Asiye na pesa atuazime baiskeli. Tunahitaji pia vijana wanne wa kwaya wanaojua Kilendu au Kialur, wenye sauti isiyochoka upesi.