Barua kwa Zuhura kuhusu Nia Nal

Tanga

Kwako rafiki yangu mpenzi Zuhura,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na mzee pamoja na watoto. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Ama baada ya salamu, barua yako niliipata na niliisoma kwa furaha, isipokuwa pale ulipoandika kwamba Nia Nal, yule shujaa niliyemsifu mbele ya binti yako, ni mzaha wa watunzi wa Kimarekani walioishiwa na mashujaa. Umeniuliza, katika ulimwengu wenye Superman na Wonder Woman, imekuwaje nikamchagua msichana ambaye kazi yake ni kulala. Nitakujibu kwa urefu, kwa kuwa swali ni la haki, na kwa kuwa najua nikijibu kwa ufupi hutaniachia.

Nia Nal, ambaye akivaa vazi lake la mapambano huitwa Dreamer, ni miongoni mwa mashujaa wachache walioanzia kwenye televisheni ndipo wakahamia kwenye vitabu vya katuni. Alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 2018, katika msimu wa 4 wa tamthilia ya Supergirl, akiwa mwandishi wa habari chipukizi katika kampuni ya habari ya CatCo jijini National City, chini ya uangalizi wa Kara Danvers, ambaye kwa siri ndiye Supergirl mwenyewe. Baba yake ni binadamu, lakini mama yake, Isabel, ametoka katika sayari ya Naltor. Wazazi hao walimlea yeye na dada yake, Maeve, katika mji mdogo wa Parthas, ambako binadamu na wageni wa sayari nyingine wanaishi pamoja bila kufichana. Ni kweli usemavyo, mwanzoni anasinzia ovyo kazini hata watu wakadhani ana maradhi ya usingizi. Ila usilolitaja ni kwamba Nia mwenyewe anaukimbia huo usingizi. Anakesha kwa makusudi, kwa sababu anayoyaona akifumba macho yanamtisha, na sehemu kubwa ya simulizi lake la mwanzo ni juhudi za rafiki zake kumshawishi akubali kulala. Shujaa gani mwingine unamjua ambaye uwanja wake wa vita ni mahali asipoweza kumchukua mtu wa kumsindikiza?

Kipaji chake kina sehemu mbili, nawe umeitazama moja tu. Ya kwanza ni kuona mambo yajayo ndotoni, na hayo hayaji waziwazi kama taarifa ya habari. Yanakuja yamevaa sura nyingine, na ni juu yake kuzifumbua. Katika msimu huo wa 4, National City imejaa chuki dhidi ya wageni wa sayari nyingine, chuki inayochochewa na mtu mwenye kinyago ajiitaye Agent Liberty, na ndoto za Nia ndizo zinazowaongoza wenzake hadi kwenye mlango wa mtu huyo, ambaye ni Ben Lockwood, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu. Supergirl mwenye nguvu za kung'oa majengo asingempata kwa ngumi. Sehemu ya pili ya kipaji hicho ni kuivuta ndoto ije huku tuliko macho. Nia hutoa mikononi nguvu ya rangi ya buluu, akaisuka iwe kamba ya kufungia adui, au ngao, au wimbi la kusukuma, na vilevile anaweza kuingia katika ndoto za mtu mwingine. Nakiri kwamba hizo kamba za buluu hupendeza machoni lakini hazinisisimui sana, kwa sababu wenye mwanga unaotoka mikononi tumewaona wengi. Kilichonishika ni ile sehemu ya kwanza, na ili nikuonyeshe uzito wake inabidi nirudi nyuma hadi mwaka 1964.

Februari ya mwaka huo, katika toleo la 317 la jarida la katuni la Adventure Comics, mwandishi Edmond Hamilton na mchoraji John Forte walimleta Dream Girl, jina lake halisi Nura Nal, mwanamke wa Naltor anayeishi miaka elfu moja mbele yetu. Nia ni wa ukoo huohuo, na ndiyo maana katika tamthilia Brainiac-5, aliyetoka karne ya 31 na aliyekuwa rafiki wa Nura, anaitambua damu yake. Katika hadithi hiyo ya 1964, Nura anajiunga na kundi la vijana mashujaa liitwalo Legion of Super-Heroes, kisha anaanza kuwafanyia vituko vya ajabu. Mmoja baada ya mwingine anawatia makosani au anawapokonya sifa za uanachama, hadi wanasimamishwa au wanaondolewa kundini. Msomaji anamhesabu kuwa ni fitina aliyetumwa. Mwishoni inafichuka kwamba alikuwa ameota wanachama saba wakifa katika mlipuko wa roketi, na hakuona njia ya kuwaokoa ila kuhakikisha kwamba hawamo tena kundini siku hiyo itakapofika. Roketi inalipuka kweli, kama alivyoota. Waliokuwamo ndani, hata hivyo, walikuwa roboti zilizotengenezwa kwa sura za wale saba.

Tulia kidogo hapo, Zuhura. Ndoto ilikuwa ya kweli, kila kilichoonekana kilitokea, na bado Nura alikuwa ameisoma vibaya, akawavunjia heshima rafiki zake saba kwa ajili ya msiba ambao usingewapata. Hadithi yenyewe ina utoto mwingi, kama zilivyokuwa hadithi nyingi za wakati ule, na namna Hamilton anavyowaonyesha wavulana wakimtolea Nura macho inachosha. Lakini ndani yake mna fikra ambayo Nia amerithi pamoja na damu: mwenye kuona yajayo hana uhakika zaidi yetu, ana wasiwasi zaidi yetu, na uamuzi anaouchukua kwa sababu ya alichokiona unaweza kuumiza kuliko kile alichokiona. Mwenye misuli anajua jiwe analolinyanyua ni jiwe. Nia hajui hata kama analotazama ni jiwe au ni sura ya kitu kingine, na hata hivyo anatakiwa aamke aseme neno ambalo maisha ya watu yatalitegemea.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini, nalo halikutokea angani wala vitani. Lilitokea nyumbani. Katika familia ya kina Nal ya tamthilia, kipaji cha ndoto humshukia mwanamke mmoja tu katika kila kizazi. Tangu utotoni wote waliamini kuwa atakayerithi ni Maeve, mtoto wa kwanza, naye alikua akijitayarisha kwa ajili ya siku hiyo. Nia alizaliwa akihesabiwa mvulana, kisha akajitambulisha kuwa msichana na wazazi wake wakamkubali hivyo, na hapakuwa na aliyewaza kwamba kipaji cha wanawake wa Naltor kingempitia Maeve na kutua kwa mdogo wake. Ndipo katika kipindi kimoja cha mwanzoni mwa 2019 Nia anarudi Parthas kwa ajili ya sherehe akiwa na siri hiyo kifuani. Hajapata ujasiri wa kumwambia dada yake, mama yao anafariki dunia, na siri inatoka katikati ya msiba. Maeve anamgeukia mdogo wake na kumwambia kwamba yeye si mwanamke wa kweli. Ni kauli ya kikatili kuliko kofi, hasa kwa kuwa Maeve ndiye aliyekuwa mtetezi wa Nia tangu utotoni na anajua pa kuchoma.

Wewe ni kifungua mimba wa mama yako, kwa hiyo natarajia utamtetea Maeve, na kwa kiasi fulani nitakuunga mkono. Si kwa kauli ile, ambayo haina utetezi. Namwonea huruma kwa miaka yote aliyoambiwa kwamba thamani yake itakuja na kitu ambacho hakikuja. Watunzi wa kale walikwisha kuligusa jambo hili kwa upande mwingine: Nura naye ana dada, Mysa, ambaye katika sayari ya watu waonao yajayo hakujaliwa kuona lolote, basi akaenda kujifunza uchawi katika sayari ya Zerox, akawa White Witch, na hatimaye akaingia Legion kwa mlango wake mwenyewe. Tamthilia haikumpa Maeve mlango wa aina hiyo. Ilimwacha na hasira yake kwa muda mrefu mno, na hilo nalihesabu kuwa upungufu mkubwa kuliko yote katika simulizi la Nia. Hata pale, katika msimu wa 6, Nia anapofanya mapatano na Nyxly, kiumbe mjanja asiyeaminika, ili apate siku moja tu ya kuwa na mama yake aliyekufa amuulize maana ya ndoto zake, nilijikuta nikifikiri kwamba aliyestahili kuulizwa kwanza yuko hai, na ni dada yake.

Inafaa ujue pia ni nani anayemchukua Nia mabegani. Mwigizaji wake, Nicole Maines, ni mwanamke mwenye historia kama ya Nia, na kwa nafasi hiyo akawa shujaa wa kwanza wa aina yake katika televisheni ya Marekani. Kabla ya hapo alikuwa katika kesi iliyoamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Maine mnamo Januari 2014, ambayo ilitamka kwamba shule ilivunja sheria ya jimbo ilipomzuia kutumia vyoo vya wasichana. Anaye pacha wake wa kufanana, kaka yake Jonas. Sisemi kwamba Maeve ni Jonas, maana kaka huyo anajulikana kwa kumtetea. Nasema tu kwamba mtu aliyekua na mwenzake wa tumbo moja, watu wakiwatazama na kuwalinganisha kila siku, ana mengi ya kusema juu ya ndugu wawili na urithi mmoja. Maines hakuishia kuigiza. Alianza kumwandika Nia mwenyewe, kwanza katika hadithi fupi ya DC, kampuni ya vitabu vya katuni, mwaka 2021, kisha mwaka 2022 alishiriki kuandika toleo la 13 la Superman: Son of Kal-El, ambalo ndilo lililomwingiza Dreamer katika ulimwengu mkuu wa vitabu vya kampuni hiyo.

Kwa ajili ya binti yako, anza na Bad Dream: A Dreamer Story, kitabu cha mwaka 2024 kilichoandikwa na Maines na kuchorwa na Rye Hickman. Kimekusudiwa vijana, na kinarudi kwenye lile tukio la nyumbani kutoka mwanzo: Nia ni msichana wa shule, ndoto zinaanza kumjia, anatambua zilikuwa za nani, na kuliko kumvunja moyo Maeve anatoroka Parthas na kukimbilia jiji la Metropolis. Hapo Maeve ana nafasi ya kuwa mtu kamili, mwenye mapenzi na bidii, wala si sauti ya kelele msibani tu. Binti yako ataelewa haraka kuliko sisi kwa nini mtoto anaweza kukimbia kitu kizuri alichopewa.

Suicide Squad: Dream Team, ya mwaka huohuo wa 2024, mcheleweshee kidogo, lakini wewe usome. Amanda Waller, mwanamke wa serikali anayewatumia wafungwa kwa kazi chafu, anamlazimisha Nia kuingia katika kikosi chake, kwa sababu amegundua jambo ambalo wewe bado unanibishia: kwamba mtu anayeona kesho ana faida kwa mtawala kuliko mtu anayevunja kuta. Hadithi hiyo imenikera katika sehemu kadhaa. Ina wahusika wengi wanaopita mbio, na mapigano yanakula kurasa ambazo ningependa zitumike kwa ndoto zenyewe. Lakini mtunzi amelishika vizuri swali la Nura wa 1964 na kulifanya chungu zaidi. Nura aliwatenda ubaya rafiki zake kwa hiari yake ili awaokoe. Nia anatendeshwa ubaya na mtu mwingine, huku akiona vizuri kabisa kila hatua inaelekea wapi, na kila njia ya kutoka aliyoiota ina mtu wa kulipa.

Kipindi ninachokuomba ukitazame mwenyewe, ukipata nafasi jioni watoto wakilala, ni kile cha 2019 ambapo Nia anakaa mbele ya kamera akihojiwa na Kara, jiji likiwa limekwisha kulewa chuki, na anaeleza kwa sauti tulivu kwamba yeye ni nusu binadamu na nusu mgeni, na kwamba ni mwanamke aliyezaliwa akihesabiwa mvulana. Hatoi hata uzi mmoja wa buluu. Ukimaliza niandikie, na unieleze hasa kama msimamo wako juu ya Maeve umebaki palepale, kwa maana mdogo wangu na mimi tumebishana juu yake tangu Ijumaa na tunahitaji mtu wa tatu.

Mzee umpe salamu zangu, na binti umwambie kitabu chake nimekwisha kukiagiza.

Wasalaamu,
rafiki yako Mwanaidi