Sheria Itaje Lengo, Njia Waachiwe Wahandisi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu lalamiko la wapenzi wengi wa magari, kwamba kanuni za serikali ndizo zilizoua raha ya kuendesha. Lalamiko hilo ni kweli nusu tu, na nusu ya pili haisemwi vya kutosha.

Marekani ilipopitisha Sheria ya Hewa Safi mwaka 1970, iliwataka watengenezaji wapunguze sumu kuu za moshi wa magari kwa asilimia 90 ndani ya miaka michache, bila kuwapangia njia ya kufika huko. Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu: injini zilidhoofika kiasi kwamba Chevrolet Corvette ya mwaka 1975, gari la kifahari la mbio, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 165 tu kwa injini yake ya kawaida. Lakini Honda walibuni injini ya CVCC iliyotimiza masharti bila kifaa cha kusafisha moshi, na mwaka 1976 Volvo wakaanza kutumia sensa ya oksijeni iliyotengenezwa na Bosch, ambayo huchunguza moshi ili mafuta yaongezwe au yapunguzwe papo hapo. Haja hiyo ya kupima mafuta kwa usahihi ndiyo iliyoisukuma pembeni kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa, na injini tunazozisifu leo, zenye nguvu nyingi kwa petroli kidogo, zimetokana kwa sehemu kubwa na shinikizo lile.

Japani nayo, tangu mwaka 1990, imeweka kikomo cha sentimita za ujazo 660 kwa injini za magari madogo yanayopewa nafuu ya kodi. Ndani ya ufinyu huo, mwaka uliofuata zikazaliwa Honda Beat na Suzuki Cappuccino, magari mepesi ya viti viwili yanayopendwa hadi sasa kwa wepesi wa kutii usukani.

Ninachokipinga ni kanuni inayoagiza kifaa chenyewe kabla hakijakomaa. Tangu Julai 2024, kila gari jipya linalouzwa katika Umoja wa Ulaya lazima liwe na mfumo wa kumtahadharisha dereva anapozidi kikomo cha kasi. Lengo ni kuokoa maisha, na siwezi kulipinga. Hata hivyo, kamera ikisoma vibaya kibao cha barabara ya pembeni, dereva asiye na kosa hupigiwa kengele; na kwa kuwa mfumo huzimika kwa muda tu na kurudi gari linapowashwa tena, wapo wanaojizoeza kuuzima kabla hata ya kuingiza gia. Tahadhari iliyozimwa haimlindi yeyote.

Linganisheni na mfumo wa kielektroniki unaozuia gari kuserereka, uliofanywa wa lazima huko huko Ulaya kwa magari yote mapya mwaka 2014. Wenyewe hukaa kimya mpaka tairi zianze kupoteza mshiko, ndipo hufunga breki ya gurudumu moja moja na kulirejesha gari katika mwelekeo wake, na dereva anayependa kona haoni kwamba amenyang'anywa kitu.

Kwa hiyo nawaomba watunga kanuni, kabla ya kukifanya kifaa chochote kuwa cha lazima, wapime pia ni mara ngapi kinakosea barabarani na ni madereva wangapi wanakizima, kisha matokeo hayo yatangazwe hadharani.

Msomaji wako