Maji yamefika mwisho wa mfereji, ila yamezama?

Kiangazi hiki simu karibu zote ni za aina moja: "nyanya za huku chini zinanyauka, nitafutieni pampu kubwa." Pampu tunauza na hela hatukatai, ila mara nyingi pampu haina kosa.

Mteja wetu mmoja wa Kahe, kule Moshi, mifereji yake ina mita 100, akifungulia maji yanatembea dakika 45 ndo yafike mwisho, ikifika dakika ya 60 anakata anahamia mfereji mwingine maana zamu yake inaisha na jirani kashasimama na jembe pale. Piga hesabu mwenyewe, udongo wa kule juu maji yanakoanzia umekunywa saa nzima, wa kule chini mwisho wa mfereji kama dakika 15 tu. Kesho yake tukaenda na nondo nyembamba tukawa tunaisukuma kwa mkono, juu ikazama kirahisi mpaka usawa wa goti, kule mwisho ikagoma hata kiganja haijaisha. Na kwa macho mfereji wote ulikuwa umelowa!

Kupima sio kazi ngumu. Kinga maji yanayoingia na ndoo ya lita 20, ikijaa kwa sekunde 20 una lita 1 kwa sekunde, yaani lita 3,600 kwa saa. Kule mwisho kinga yanayotoka uyatoe kwenye hesabu. Tuseme zimetoka lita 600, basi 3,000 zimebaki shambani, na kama mfereji na mfereji ni sentimita 75 eneo la mfereji mmoja wa mita 100 ni mita za mraba 75, gawanya unapata milimita 40. Lakini huo ni wastani, unaficha ya kule mwisho! Kwahiyo chomeka vijiti kila mita 20, kila kijiti andika maji yamefika saa ngapi na yamekauka saa ngapi, hapo unaona kila sehemu imekunywa kwa muda gani.

Halafu usidhani ukiongeza muda mara mbili maji yanazama mara mbili. Udongo mkavu mwanzoni unanyonya kwa pupa baadae unapoa, kichanga kinabaki kunyonya hata zaidi ya milimita 30 kwa saa, mfinyanzi 1 mpaka 5 tu. Na ukishapalilia ukamwagilia mara ya kwanza unanyonya kuliko mizunguko inayofuata, so vipimo vya mwanzo wa msimu usivibebe mpaka mavuno.

Sisi tunapendelea maji yafike mwisho ndani ya robo ya muda unaotaka yazame, ukitaka masaa 2 basi yafike kwa dakika 30. Fungulia mifereji michache kwa wakati mmoja yaende kwa nguvu, yakifika punguza, la sivyo fupisha mfereji. Yule wa Kahe aliukata katikati, akaondoka na mpira wa mita 50 tu, pampu mpya hatukumuuzia.

Ukitaka tuje kukupimia tupigie mapema utuambie siku ya zamu yako, maana tukikuta mfereji mkavu tutaishia kupiga stori.