Barua kwa Baba Amina: kabla hujanunua lenzi

Entebbe

Ndugu yangu Baba Amina,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi tu wazima, natumaini nanyi huko Mbale hamjambo. Swali lako nimelipata, la lenzi gani ununue ili nyuma ya mtu kwenye picha kuwe na ukungu. Nakujibu kwa barua kwa sababu jambo hili nalipenda mno, ujumbe wa simu hautoshi.

Usinunue kitu kwanza. Hiyo lenzi ya milimita 16 hadi 50 iliyokuja na kamera yako inaweza kufifisha mandharinyuma. Ivute mpaka 50, msogelee mtu wako, naye mtoe mbali na ukuta. Watu husifu f tu, yaani upana wa tundu la lenzi (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana na nyuma kunafifia zaidi), lakini umbali una nguvu kubwa. Mimi natumia kamera ya Sony a6400 na lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8. Nikisimama mita 3 kutoka kwa mtu, sehemu inayotoka safi ina unene wa sentimita 26 hivi. Nikisogea hadi mita moja na nusu, zinabaki kama 6: macho safi kabisa, masikio yameanza kuyeyuka.

Bustani ya mimea ya hapa, iliyoanzishwa 1898, imenifundisha mengi. Mbega akikaa majani yakimgusa mgongo, hata f/1.8 haisaidii, kila jani linaonekana. Subiri ahamie tawi la upande wa ziwani. Yale manyoya meupe marefu ya ubavuni yanajitokeza yenyewe, na ziwa lote nyuma yake linakuwa rangi tupu. Lenzi ileile, f ileile!

Jua nalo uliangalie. Saa saba mchana, kwa f/1.8, hata kasi ya 1/4000 ya sekunde, ambayo ndiyo mwisho wa shata (kile kifunikaji kinachofunguka na kufunga) ya kamera yangu, haitoshi. Uso unaungua kwa mwanga. Punguza tundu hadi f/2.8 au ingia kivulini. Mimi hupenda kutoka saa kumi na moja jioni, na sichelewi, maana huku kwetu Ikweta jua likishazama giza halikawii.

Na hizi kamera zisizo na kioo zina raha yake: ukiweka jicho kwenye kitafutio, kile kidirisha cha kuchungulia, ukungu wa nyuma unauona kabla hujabonyeza. Juzi jioni nilimwomba ruhusa ya kumpiga picha muuza rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, wa karibu na stendi ya teksi. Kavunja mayai kwenye kikombe cha plastiki, katia nyanya na kitunguu, anakoroga kwa kijiko huku akiangalia chapati isiungue. Kamera ikalifuata jicho lake yenyewe, ikaliweka safi bila kuliachia, na taa za bodaboda nyuma yake zikawa miduara ya dhahabu. Nilimtumia picha palepale, akaiweka kwenye WhatsApp yake.

Ila usifute nyuma kila mara. Ukimpiga picha mzee wako mlimani Wanale ukaufanya mlima kuwa ukungu, umemwondoa kwao. Hapo weka f/8, rudi nyuma, mwache na mlima wake.

Anza na Amina. Asimame uani, ukuta uwe mbali nyuma yake, unitumie picha hizo kabla hujazipitisha kwenye programu yoyote. Nikishaziona tutazungumzia bei ya lenzi.

Msalimie sana Mama Amina na watoto.

Wako,
Jirani yako wa zamani