Tulindwe tunaporipoti madereva wagonjwa

Mhariri,

Mimi ni afisa wa kliniki hapa Nairobi, na kuna mgonjwa mmoja ambaye hanitoki akilini. Alikuja na ulimi uliojeruhiwa kwa meno yake mwenyewe baada ya kifafa kumwangusha usiku, na muda wote niliokuwa nikimsihi asiendeshe gari hadi dawa zitulize maradhi, alikuwa ameshika funguo za matatu mkononi. “Daktari, watoto watakula nini?” aliniuliza kwa upole. Siku chache baadaye nilimwona stejini akipakia abiria 14.

Sheria ya Afya ya 2017 inanitaka nitunze siri za mgonjwa, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya miongoni mwa data nyeti. Siipingi siri hiyo, kwani bila hiyo wagonjwa wangetuficha maradhi yao. Lakini abiria wale nao wana haki ya kufika nyumbani salama.

Mkoa wa Ontario, nchini Kanada, unawataka madaktari waripoti madereva wa aina hii, na sheria inawakinga wasishtakiwe kwa sababu hiyo. Naliomba Bunge letu litunge kifungu kinachotaja wazi maradhi ya kuripotiwa kwa NTSA (mamlaka inayosimamia usalama barabarani na leseni za udereva), kinachomlinda mhudumu anayeripoti kwa nia njema, na, jambo ninalolitilia mkazo zaidi, kinachompa dereva nafasi ya kupimwa upya na kurudishiwa leseni anapopata nafuu.

Afisa wa kliniki,
Nairobi