Intaneti ya nyumbani ikiwa nzito, pima kabla ya kuongeza kifurushi

Wateja wetu wengi huja na malalamiko ya aina moja: wanalipia megabiti 20, lakini ikifika jioni video inazunguka tu, simu ya WhatsApp inakatakata, na mtoto hawezi kufungua kazi za shule. Swali linalofuata ni kama wapande hadi kifurushi cha 40. Sisi tunauza ruta na kufunga mitandao ya majumbani hapa Dar es Salaam, na jibu letu huwa hilohilo: subiri, tupime kwanza. Mara nyingi megabiti zako 20 zinafika nyumbani salama salmini, kisha zinapotelea kati ya sebule na chumba cha kulala. Ukilipia 40, zitapotelea palepale.

Kipimo chenye maana huanzia kwenye ruta yenyewe, tena kwa waya. Chomeka kompyuta kwenye tundu la ruta lililoandikwa LAN, zima waifai ya kompyuta hiyo, na uwaombe walio nyumbani wapumzishe simu na runinga kwa dakika chache. Fungua fast.com au speedtest.net na uandike namba inayotoka. Halafu chomoa waya, pima kwa waifai ukiwa palepale karibu na ruta, kisha nenda kwenye chumba kinachosumbua ukapime tena. Zoezi zima lirudie saa tatu usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni. Kama huna kompyuta, simu inatosha, mradi usimame karibu kabisa na ruta.

Ukisoma namba hizo, kumbuka kwamba kampuni huuza kasi kwa megabiti, ilhali kompyuta ikishusha faili huonyesha megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti 8. Kwa hiyo laini ya 20 ikifanya kazi kikamilifu hushusha kama megabaiti 2.5 kwa sekunde, na filamu ya gigabaiti moja itachukua karibu dakika 7. Hapo hujapunjwa. Netflix wenyewe wanapendekeza megabiti 5 kwa picha safi ya kawaida na 15 kwa ile ya 4K, hivyo familia ya watu wanne haihitaji kasi kubwa kama wengi wanavyoaminishwa.

Kwa waya ni sawa, chumbani ni shida

Hii ndiyo hali tunayokutana nayo zaidi. Nyumba moja ya Tegeta tuliyoitwa ilikuwa na ruta ndani ya kabati la runinga, juu ya king'amuzi, na mgongo wa kabati ulikuwa wa kioo cha kujitazamia. Fundi wa faiba alipomaliza kazi ndipo hapo palikuwa na soketi, basi ikakaa. Chumba cha binti anayesoma kiko mwisho wa korido, na katikati kuna kuta tatu za tofali za saruji. Kwa waya tulipata karibu 20 kamili. Chumbani haikufika 3. Kisanduku cha faiba tulikiacha palepale, tukavuta waya wa mtandao hadi kwenye korido na kuifunga ruta juu ya mlango, mahali peupe. Chumbani ikapanda hadi zaidi ya 15, kwa kifurushi kilekile. Mteja hakununua ruta mpya, na hakuwa na haja nayo.

Saruji yenye nondo, vigae, tangi la maji, jokofu na kioo chenye rangi ya fedha kwa nyuma, vyote hivyo huzuia mawimbi. Iweke ruta katikati ya nyumba, juu kidogo, wazi. Watu huificha kwa sababu haipendezi sebuleni, na tunawaelewa, lakini hiki ni kifaa cha kurusha mawimbi na kinahitaji hewa na nafasi.

Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya aina mbili. Ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi, ila yamejaa: Bluetooth imo humo, oveni ya maikrowevu imo humo, na chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Kwenye ghorofa la Upanga au Kariakoo, simu yako huona mitandao ya majirani chungu nzima, yote ikigombania chaneli hizo tatu. Ya gigahezi 5 yana kasi na nafasi kubwa, lakini huchoka haraka yakikutana na ukuta. Kwa hiyo runinga na kompyuta zilizo karibu na ruta ziunge kwenye 5, na simu ya chumba cha mbali iache kwenye 2.4. Kama jina la waifai yako limeishia na 5G, fahamu kwamba halihusiani na 5G ya minara ya simu. Na runinga isiyohama mahali pake ipe waya kabisa, utakuwa umepunguza mzigo kwa wengine wote.

Kuhusu vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi ili kuongeza waifai, tuseme wazi: vya bei ya chini vina redio moja inayopokea na kurusha kwa zamu, hivyo kasi hupungua karibu nusu. Tena wengi huvichomeka ndani ya chumba kisicho na mtandao, vikawa vinarusha kitu ambacho havijakipokea. Kama ni lazima, kiweke nusu ya njia. Kwa nyumba kubwa, tunashauri waya hadi upande wa pili na kituo cha pili cha waifai mwisho wake. Gharama ya kuanza ni kubwa zaidi, lakini hutarudi kulalamika.

Kasi ipo, lakini mkutano unakatika

Kuna nyumba ambazo namba zinatoka nzuri lakini Zoom inaganda. Hapo tunaangalia upande wa kupakia. Simu nne zikianza kupandisha picha za harusi kwenye Google Photos au iCloud kwa pamoja, na kamera za ulinzi nazo zinatuma video nje, njia ya kutoka inajaa na kila kitu kinasubiri foleni, hata ujumbe mdogo. Weka picha zipande usiku wa manane, au washa kwenye ruta kipengele cha kugawa kipaumbele kama kipo.

Kagua pia nani yuko ndani. Kibandiko chini ya ruta kina anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Iandike kwenye kivinjari, ingia, tazama orodha ya vifaa. Nenosiri ulilompa mgeni wa mwaka juzi linaweza kuwa limeshazunguka kwa vijana wote wa kota. Badilisha, zima WPS (njia ya kuunga kifaa kwenye waifai bila kuandika nenosiri), na wageni wafungulie mtandao wao.

Tafadhali sana, usibonyeze kile kitundu cha RESET kwa sindano. Kuzima na kuwasha ni kuchomoa adapta, kusubiri nusu dakika na kurudisha, basi. Kitundu kile hufuta mipangilio yote, pamoja na jina na nenosiri ambalo kampuni hutumia kukutambua, na hapo utakaa bila mtandao kabisa mpaka fundi aje. Kama unalazimika kuzima na kuwasha kila siku, shuku adapta au joto. Umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa kishindo huua adapta taratibu.

Hata kwa waya ni mbovu

Hapo shida iko kwenye laini au mbele zaidi. Kwa faiba, tazama taa ya LOS: ikiwa nyekundu, mwanga haufiki, piga kampuni. Kabla ya kupiga, angalia ule uzi mwembamba nyuma ya kochi, maana ukikunjwa kwa kona kali hupoteza mwanga bila hata kukatika. Alfajiri ikiwa nzuri na usiku ikiwa mbovu, ni msongamano. Faiba moja ya kampuni kwa kawaida hugawanywa kwa nyumba 32 au 64, na mnara wa 4G hubeba mtaa mzima. Wenye ruta ya laini ya simu waisogeze dirishani, upande wa mnara, na wasome kwenye mipangilio kipimo cha RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayofika kutoka mnarani: karibu na -85 ni kizuri, -110 ni dhaifu. Soma pia masharti ya kifurushi chako, kwani vingi vinavyoitwa havina kikomo hupunguzwa kasi ukishavuka kiasi fulani.

Na mara chache, shida iko baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania nzima ikahisi. Siku kama hiyo hata majirani wa kampuni nyingine hulalamika, na hakuna ruta ya kununua itakayosaidia.

Ukitupigia, uwe na namba nne mkononi: kifurushi unacholipia, kipimo kwa waya mchana, kwa waya usiku, na cha chumba kinachosumbua. Tukiona tatizo ni la laini, tutakuambia usitulipe na tutakuandikia maelezo ya kuwapelekea kampuni yako. Likiwa ni la ndani, fundi atapima kila chumba mbele yako na kukuachia vipimo hivyo kwa maandishi, uamue mwenyewe kama unataka tuvute waya au utahamisha ruta kwa mikono yako.